Ferdinand Braun: Mwanasayansi aliyefundisha minara kusema kwa pamoja

MWAKA 1905, katika uwanja wa wazi nje kidogo ya mji wa Strasbourg, profesa mmoja wa fizikia alisimamisha antena tatu zilizopangwa kama pembe za pembetatu. Hazikuwa antena zenye nguvu kuliko zote duniani wakati huo, wala hazikuwa ndefu kuliko zote. Kilichokuwa kipya ni kwamba zote tatu zilipewa ujumbe mmoja, na kila moja ikapangiwa wakati wake wa kuanza kutikisika, ili mawimbi yake yakutane na ya wenzake kwa mpango maalumu.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kwa watu wa zama hizo. Mawimbi ya redio, ambayo yalizoeleka kusambaa pande zote kama moshi, sasa yalielekea zaidi upande mmoja na kufifia upande mwingine. Profesa aliweza kubadili upande huo bila kung'oa mlingoti hata mmoja. Alichofanya ni kubadilisha tu antena ipi itofautiane na nyingine kwa wakati.

Mtu huyo aliitwa Karl Ferdinand Braun, raia wa Ujerumani. Jina lake halitajwi mara nyingi kama la Guglielmo Marconi wa Italia, ambaye aligawana naye Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1909. Hata hivyo, mafundi wanaopanga minara ya simu za mkononi isaidiane badala ya kusumbuana wanatembea katika njia ambayo Braun alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuifyeka.

Haya ni maisha ya mtu aliyeonyesha faida ya mitambo kushirikiana, lakini akafia ugenini kwa sababu ya ugomvi wa makampuni na vita ya mataifa.

Mtoto wa Fulda

Braun alizaliwa Juni 6, 1850 katika mji mdogo wa Fulda, eneo la Hesse. Baba yake alikuwa mtumishi wa mahakama. Familia haikuwa tajiri, lakini watoto walisoma. Kaka yake, Wunibald, baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Hartmann & Braun iliyotengeneza vifaa vya kupimia umeme.

Baada ya masomo ya sekondari mjini kwao, Braun alijiunga na Chuo Kikuu cha Marburg, kisha akahamia Berlin ambako alipata shahada ya udaktari mwaka 1872. Utafiti wake ulihusu mitikisiko ya nyuzi na fimbo zinazonyumbuka. Huenda somo hilo likaonekana dogo, lakini mitikisiko ndiyo iliyokuja kuwa kazi ya maisha yake. Mtu anayeelewa jinsi uzi unavyotikisika hashindwi kuelewa jinsi umeme unavyotikisika katika waya.

Mwaka 1874 alikwenda kufundisha katika shule ya sekondari ya Mtakatifu Thomas mjini Leipzig. Wakati huo akiwa mwalimu wa kawaida, aliandika pia kitabu cha kuwafurahisha vijana kwa hesabu na elimu ya viumbe na vitu. Mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 24, alitangaza ugunduzi ambao watu wengi hawakuutilia maanani.

Aligundua kwamba ukigusa aina fulani za madini, kwa mfano mawe yenye mchanganyiko wa risasi na kiberiti, kwa ncha ya waya, umeme hupita kwa urahisi upande mmoja na kukataa kurudi kwa urahisi upande wa pili. Jambo hili lilipingana na yale ambayo vitabu vilifundisha kuhusu umeme katika vitu vigumu. Zaidi ya robo karne ilipita kabla ya watu kupata matumizi yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, jiwe la namna hiyo na ncha ya waya vilianza kutumika kunasa mawimbi ya redio. Leo vitu vya aina hiyo, vinavyoitwa nusu vipitishi, ndivyo vinavyotengenezewa vijenzi vya kompyuta na simu zote.

Kutoka Leipzig, Braun alizunguka vyuo kadhaa. Alifundisha Marburg, Strasbourg, Karlsruhe na Tübingen, ambako alisaidia kujenga taasisi ya fizikia. Mwaka 1885 alimwoa Amélie Bühler, na Mungu akawajalia watoto wanne, wa kiume wawili na wa kike wawili. Mwaka 1895 alirudi Strasbourg kuongoza taasisi ya fizikia. Mji huo sasa ni wa Ufaransa, lakini wakati huo ulikuwa chini ya Ujerumani baada ya vita ya mwaka 1870 hadi 1871.

Neli ambayo hakuiwekea uzio

Mwaka 1897 Braun alitangaza chombo ambacho kingetosha peke yake kumpa mtu sifa ya kudumu. Kilikuwa neli ya kioo iliyotolewa hewa ndani, ambamo miali isiyoonekana ilirushwa na kugonga ubao uliopakwa dawa inayong'aa. Miali hiyo ilipopitishwa karibu na sumaku ya umeme, nukta ya mwanga ilisogea kufuatana na mabadiliko ya umeme. Kwa mara ya kwanza binadamu aliweza kuutazama umeme ukipanda na kushuka mara nyingi katika sekunde moja.

Braun hakuchukua hataza ya chombo hicho. Aliandika maelezo yake katika jarida la kisayansi, akaacha kila mwenye haja atengeneze cha kwake. Ndivyo ilivyokuwa. Kutokana na neli hiyo vilitengenezwa vyombo vya kupimia umeme katika maabara, na baadaye televisheni na kompyuta za vioo vizito ambazo zilijaa majumbani na maofisini hadi vioo bapa vilipochukua nafasi katika muongo wa 2000. Wajerumani na Wajapani waliendelea kuiita neli ya televisheni kwa jina la Braun.

Kazi yake iliyofuata, ile ya simu ya upepo, ilikwenda kwa njia tofauti kabisa. Huko kulikuwa na fedha, hataza, mawakili na serikali.

Tatizo la cheche

Ili kuelewa alichofanya Braun ni lazima tukumbuke hali ya simu ya upepo mwishoni mwa miaka ya 1890. Marconi alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba ujumbe wa nukta na mistari unaweza kusafiri bila waya. Mtambo wake wa awali uliweka cheche ya umeme moja kwa moja katika antena. Cheche ilipolia, antena ilitikisika mara chache tu kisha ikanyamaza, kama ngoma iliyopasuka.

Kuongeza urefu wa cheche ili kupata nguvu zaidi hakukusaidia sana. Kuanzia kiasi fulani, nguvu ilipotea katika cheche yenyewe. Tatizo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Mlio wa namna hiyo hausimami kwenye masafa mamoja. Unatapakaa, na hivyo vituo viwili vilivyo jirani vikituma kwa wakati mmoja, anayesikiliza anapata kelele tupu.

Mwaka 1898 Braun alikuja na dawa. Aliiondoa cheche katika antena na kuiweka katika mzunguko wake wa umeme uliofungwa, wenye chupa za kuhifadhi umeme na waya uliosokotwa. Mzunguko huo ulitikisika kwa muda mrefu na kwa masafa yanayojulikana. Kisha nguvu yake ilihamishiwa kwenye antena kwa njia ya sumaku, bila kugusana. Kwa mpango huo nguvu kubwa zaidi iliweza kutumika, na kituo kikaweza kupatanishwa na masafa yake chenyewe.

Fedha za majaribio zilitoka, pamoja na wengine, kwa Ludwig Stollwerck, tajiri wa kiwanda cha chokoleti cha Cologne. Majaribio yalifanyika pwani ya Cuxhaven, kwenye Bahari ya Kaskazini, na mwezi Septemba 1900 mawasiliano yalipatikana kati ya Cuxhaven na kisiwa cha Helgoland, umbali wa kilomita zipatazo 62.

Marconi naye hakulala. Mwaka 1900 alichukua nchini Uingereza hataza yake maarufu namba 7777 kuhusu kupatanisha mitambo, na Desemba 1901 alitangaza kuwa amepokea ishara kutoka ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki. Kuanzia hapo swali la nani alitangulia kufanya nini liliwatajirisha mawakili kwa miaka mingi.

Ugomvi wa makampuni

Ndani ya Ujerumani kwenyewe kulikuwa na kambi mbili. Braun alikuwa upande wa kampuni ya Siemens, wakati Profesa Adolf Slaby na mwenzake Georg von Arco walikuwa upande wa AEG. Jeshi la nchi kavu na jeshi la majini yalijikuta yakiwa na mitambo ya aina tofauti. Mfalme Wilhelm wa Pili alichoshwa na hali hiyo, na kwa shinikizo lake pande hizo mbili ziliunganishwa mwezi Mei 1903 kuwa kampuni moja iliyojulikana kwa jina la Telefunken.

Ugomvi na Waingereza ulikuwa mgumu zaidi. Kampuni ya Marconi ilikuwa na desturi ya kuwazuia waendesha mitambo wake kupokea ujumbe kutoka meli zenye mitambo ya kampuni nyingine. Meli ingeweza kuwa karibu na kituo cha pwani, ikasikika vizuri, na bado isijibiwe. Jambo hilo ndilo lililosababisha mkutano wa mataifa mjini Berlin mwaka 1903, na mwingine mwaka 1906 ambao ulitoa mkataba wa kuvilazimisha vituo vya pwani kupokea ujumbe wa meli bila kujali mtambo umetengenezwa na nani.

Kwa hiyo, wakati Braun anasimamisha antena zake tatu mwaka 1905, dunia ilikuwa ikibishana kama vituo vya makampuni tofauti viongee au visiongee.

Pembetatu ya Strasbourg

Wazo la antena tatu linaeleweka kwa mfano wa kinu. Wanawake wawili wakitwanga kinu kimoja kwa zamu, mchi mmoja unapanda mwingine unashuka, mahindi yanakwisha upesi. Wakipoteza mapigo, michi inagongana na kazi inaharibika. Nguvu za mikono yao hazijapungua hata kidogo. Kilichopotea ni wakati tu.

Mawimbi ya redio yako hivyo. Kila wimbi lina kilele na bonde. Mawimbi ya antena mbili yakifika mahali pamoja vilele vikiwa vimelingana, yanajumlishana. Kilele cha moja kikikutana na bonde la jingine, yanafutana. Braun alitumia mambo yote mawili. Alipanga umbali kati ya antena na tofauti ya wakati kati yake, ili upande aliotaka mawimbi yajumlishane, na upande wa nyuma yafutane.

Kazi ngumu ilikuwa kuuweka sawa wakati huo. Tofauti iliyotakiwa ilikuwa chini ya sehemu moja ya milioni moja ya sekunde, na mitambo ilikuwa ya cheche. Vijana wawili kutoka Urusi waliokuwa katika taasisi yake, Leonid Mandelstam na Nikolai Papalexi, walishughulikia njia za kupata tofauti hiyo kwa uhakika. Wote wawili baadaye walikuwa wanasayansi wakubwa nchini mwao.

Faida yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kwa hesabu ya kawaida, antena tatu zikigawana nguvu ileile ambayo ingetumiwa na antena moja, mpokeaji aliye upande uliopangwa anaweza kupata hadi mara tatu ya nguvu ambayo angepata kwa antena moja. Nguvu hiyo ya ziada haikununuliwa kwa mafuta wala makaa. Imetoka pande ambako hakuna anayeihitaji.

Desemba 1909 Braun alisafiri hadi Stockholm kupokea tuzo pamoja na Marconi. Yeye alikuwa na umri wa miaka 59, na Marconi 35. Katika mhadhara wake mbele ya wanasayansi alieleza kwa kirefu mizunguko yake ya umeme, na pia akaeleza majaribio ya kuelekeza mawimbi kwa antena kadhaa zinazofanya kazi pamoja. Wengi walimsifu kwa lile la kwanza. Hili la pili lilikaa kando kwa miaka mingi, kwa kuwa vifaa vya kulitumia vizuri vilikuwa havijapatikana.

Vita na minara

Agosti 1914 vita kuu ya kwanza ilianza. Siku ya kwanza tu baada ya Uingereza kuingia vitani, meli yake ilikata nyaya za Ujerumani zilizopita chini ya bahari. Kuanzia hapo minara ya simu ya upepo ikawa mali ya vita kama mizinga.

Hata eneo letu halikuepuka. Wajerumani walikuwa na vituo vya simu ya upepo Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Agosti 8, 1914 meli za kivita za Uingereza zilipiga mizinga Dar es Salaam zikilenga kituo hicho, na tukio hilo ni miongoni mwa ya kwanza kabisa ya vita katika Afrika Mashariki. Juni 1915 askari wa Uingereza walivuka Ziwa Victoria kutoka Kisumu kwa meli na kuishambulia Bukoba, shabaha yao kubwa ikiwa ni kuangusha mnara wa simu ya upepo uliokuwa pale. Mnara uliangushwa.

Kwa upande wa Marekani, ambayo wakati huo haikuwa vitani, kulikuwa na kituo kikubwa cha Sayville kwenye Long Island, karibu na New York. Kiliendeshwa na kampuni tanzu ya Telefunken, na kiliwasiliana moja kwa moja na kituo cha Nauen nchini Ujerumani. Baada ya nyaya kukatwa, Sayville ikawa moja ya njia chache za Ujerumani kuongea na Marekani. Kampuni ya Marconi ilifungua kesi mahakamani ikidai kwamba kituo hicho kinakiuka hataza zake.

Telefunken ilihitaji shahidi mwenye uzito. Mwishoni mwa mwaka 1914 Braun, akiwa na miaka 64 na afya isiyo nzuri, alipanda meli kwenda Marekani akiwa na Jonathan Zenneck, aliyewahi kuwa msaidizi wake. Yule mtu ambaye miaka 17 nyuma aliitoa neli yake bure kwa dunia sasa alivuka bahari katikati ya vita kwenda kubishania umiliki wa mzunguko wa umeme.

Kesi haikufika mbali. Mei 1915 Italia iliingia vitani, na Marconi, aliyekuwa Marekani kwa ajili ya kesi hiyohiyo, akaondoka kwenda kulitumikia taifa lake. Julai mwaka huo Jeshi la Majini la Marekani lilichukua usimamizi wa kituo cha Sayville. Braun alibaki Brooklyn, nyumbani kwa mwanawe Siegfried. Aprili 1917 Marekani nayo ilipoingia vitani dhidi ya Ujerumani, njia ya kurudi ikafungwa kabisa. Profesa akawa raia wa nchi adui.

Alifariki dunia Brooklyn Aprili 20, 1918, akiwa na umri wa miaka 67. Hakuona mwisho wa vita uliokuja Novemba mwaka huo, wala hakuona Strasbourg, mji wa kazi yake kubwa, ukirudi mikononi mwa Ufaransa. Baadaye majivu yake yalirudishwa Fulda, mji aliozaliwa.

Kutoka antena tatu hadi minara inayosaidiana

Baada ya kifo chake, wazo la Strasbourg lilirudi kwa hatua. Vita kuu ya pili iliharakisha rada, na katika miongo iliyofuata rada kubwa zilitengenezwa kwa mamia na maelfu ya antena ndogo zinazoelekeza miali yake kwa kubadilisha wakati tu, bila kugeuza mtambo. Kisha ikaja simu ya mkononi, na pamoja nayo tatizo ambalo Braun angelitambua mara moja.

Kila mnara wa simu una eneo lake. Mtu aliye karibu na mnara anasikika vizuri. Mtu aliye mpakani, kati ya minara miwili inayotumia masafa yaleyale, yuko mashakani. Mnara wake unamfikia kwa udhaifu, na mnara wa jirani unamletea kelele. Kuongeza nguvu hakusaidii, kwa sababu jirani naye akiongeza, kelele inapanda sawasawa. Mwaka 1948 Claude Shannon wa Marekani alionyesha kwa hesabu kwamba kiasi cha habari kinachoweza kupita hutegemea upana wa masafa na uwiano kati ya ishara na kelele, na kwamba kuongeza nguvu peke yake huleta faida inayopungua kadiri unavyoendelea.

Njia iliyobaki ni mpangilio. Katika miaka ya 1990 watafiti, wakiwamo wale wa maabara ya Bell nchini Marekani, walionyesha kuwa antena nyingi upande wa mtumaji na nyingi upande wa mpokeaji zinaweza kupitisha mikondo kadhaa ya habari kwa wakati mmoja na kwa masafa mamoja. Hatua iliyofuata ilikuwa kujiuliza kwa nini antena hizo lazima ziwe kwenye mlingoti mmoja. Kama mnara wa mtaa huu na ule wa mtaa wa pili vimeunganishwa kwa waya wa kioo unaopitisha mwanga, vinaweza kufanya kazi kama mtambo mmoja wenye milingoti iliyotawanyika. Pembetatu ya Strasbourg ikapanuliwa ikawa mji mzima.

Kuna namna mbili kubwa za ushirikiano huo. Ya kwanza ni rahisi. Minara inapeana taarifa na kupangiana zamu, ili huyu anapomhudumia mtu wa mpakani, yule apunguze sauti au aelekeze miali yake kwingine. Ya pili ni kubwa zaidi. Minara yote miwili inamtumia mtu huyo habari ileile, kwa wakati uliopimwa, ili mawimbi yafike kwake yakiwa yamelingana. Kilichokuwa kelele kinageuka kuwa msaada.

Mpango huo uliingizwa katika kanuni za kimataifa za mitandao ya kizazi cha nne mwanzoni mwa muongo wa 2010. Katika kizazi cha tano mafundi walikwenda mbali zaidi kwa kuweka antena nyingi katika sanduku moja juu ya mnara.

Ikumbukwe kwamba kazi hii haikuwa rahisi, na faida iliyopatikana mitaani mara nyingi ilikuwa chini ya ile iliyoonekana kwenye karatasi. Ili minara ilenge vizuri, simu lazima ipime hali ya mawimbi na kuitoa taarifa. Mtu akiwa ndani ya gari, taarifa hiyo huzeeka kabla haijafika. Waya unaounganisha minara ukichelewesha ujumbe kidogo tu, vilele vya mawimbi havilingani tena, na minara inayodhani inasaidiana inaanza kuumizana. Ni tatizo lilelile la wakati lililowahangaisha Braun na vijana wake wawili, ila sasa saa ni kali zaidi na wanaosubiri kuhudumiwa ni wengi.

Ugumu mwingine hautokani na fizikia. Minara ikiwa ya makampuni tofauti, kila moja na masafa yake na siri zake, hakuna hesabu inayoweza kuifanya ishirikiane kama wenyewe hawajakubaliana. Mkutano wa Berlin wa mwaka 1906 ulikuwa na kazi ya namna hiyo, na kila mamlaka inayosimamia mawasiliano inaijua hadi leo.

Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Braun aliliweka jambo hilo katika waya na milingoti, akalipima, akaandika majibu yake. Kati ya kazi zake zote, mzunguko wa umeme aliovukia bahari kwenda kuutetea ulipitwa na wakati pale mitambo ya cheche ilipoachwa. Neli aliyoigawa bure iliangaza majumbani kwa miongo mingi. Na pembetatu yake, ambayo siku zile haikumletea kesi wala utajiri, ndiyo inayoendelea kufanya kazi juu ya paa na vilima, kila minara miwili inapokubaliana kumhudumia mtu mmoja aliye katikati.